Viti vya Land Rover 110 ya zamani: kushona upya, kuweka vya mtumba au kununua vipya?

Mwenye Land Rover 110 ya miaka ya 1980 au 1990 hufika siku akagundua kwamba haketi tena juu ya kiti bali juu ya fremu yake. Sponji imesagika na kuwa unga wa kahawia unaomwagika sakafuni, leza (ngozi ya bandia) imepasuka kwenye mishono, reli ya kusogeza kiti imeganda mahali pamoja, na baada ya saa nne za barabara ya vumbi mgongo unadai haki yake. Hapo ndipo huanza maswali: vishonwe upya viti vilevile, vitafutwe vya mtumba kutoka gari dogo la Kijapani, viondolewe vya Defender nyingine iliyokufa, au viagizwe vipya kabisa?

Nimetumia njia tatu kati ya hizo nne kwenye magari mawili, na sura moja ya ile ya nne nimeisimamia katika gari la ndugu yangu. Watu wengi huchagua kiti kama wanavyochagua kochi la sebuleni, yaani wanakiangalia rangi, wanakibonyeza kwa kiganja, wanakiulizia bei. Kiti cha gari hili kinapaswa kuchaguliwa kutoka chini kwenda juu. Kwanza tazama kinafungwa juu ya nini, kisha tazama mkanda wa usalama unashikwa wapi, na baada ya hapo ndipo uje kwenye sponji na kitambaa. Anayefuata mpangilio huo hufikia uamuzi tofauti kabisa na ule aliokuwa nao alipotoka nyumbani.

Ninazungumzia 110 iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, ikapewa jina la Defender mwaka 1990 na ikaendelea kutengenezwa Solihull, Uingereza, hadi tarehe 29 Januari 2016. Sehemu kubwa ya maelezo haya inafaa pia kwa 90, ndugu yake aliye mfupi, na kwa Series III ya 1971 hadi 1985, gari lililoitangulia, isipokuwa pale nitakapotaja tofauti.

Kilicho chini ya kiti

Viti vya mbele vya gari hili havikufungwa sakafuni kama ilivyo katika gari dogo. Vimekaa juu ya boksi refu la bati la alumini linalokatiza gari kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Chini ya kiti cha kushoto, ambacho katika magari yetu yenye usukani wa kulia ni cha abiria, kuna betri. Chini ya kiti cha dereva wa 110 kwa kawaida kuna sanduku la kuwekea jeki na spana, lakini katika 90 za zamani na katika Series nyingi hapo ndipo lilipo tangi la mafuta. Baadhi ya 110, hasa zilizotoka jeshini, zina tangi la ziada chini ya kiti pia, kwa hiyo usisadiki maneno ya aliyekuuzia. Nyanyua mto wa kiti, fungua kifuniko, uone mwenyewe kabla mtu yeyote hajashika drili au mashine ya kuchomelea.

Waliolibuni gari hili walikusudia mto wa kukalia unyanyuliwe kwa mkono, bila spana, ili betri na vifaa vifikiwe hata njiani. Ni jambo dogo kwa mtu wa mjini. Kwa aliyekwama Simanjiro usiku huku nguzo ya betri imelegea, ni jambo linaloamua kama atalala nyumbani au porini, na kila kiti kipya kinapaswa kupimwa kwa kigezo hicho pia.

Jambo zito zaidi ni mkanda. Katika 110, kifungio cha mkanda, kile ambamo unachomeka ulimi wake, hakikufungwa kwenye kiti. Kimefungwa kando ya boksi, kwenye mwili wa gari, na ncha nyingine za mkanda ziko kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango. Maana yake ni kwamba gari linapogonga, mwili wa aliyeketi unashikwa na gari lenyewe, na kiti kinabaki na kazi ya kuzuia uzito wake na kumweka mtu mahali pake. Magari madogo mengi ya miaka ya karibuni yako kinyume: kifungio kimefungwa kwenye fremu ya kiti na husogea pamoja nacho, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya mgongano hupita katika kiti, ikashuka kwenye reli, ikaishia kwenye bolti nne zilizoshika sakafu ya chuma iliyoimarishwa kwa ajili hiyo.

Tofauti hiyo ina vipimo. Kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vishikizo vya mikanda, hujaribu vishikizo vya gari dogo la abiria kwa kuvuta sehemu ya kifua kwa niutoni 13,500 na sehemu ya kiunoni kwa niutoni 13,500 kwa wakati uleule. Kila sehemu ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo zaidi ya 1,370. Pale kishikizo kinapokuwa kwenye kiti, huongezwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kiti mara 20, kwa hiyo kiti cha kilo 20 huleta mzigo mwingine wa kilo 400. Sasa ichukue nguvu hiyo yote uipeleke kwenye boksi la bati la alumini ambalo halikuwahi kukusudiwa kuibeba. Bolti haitakatika. Bati ndilo litakalochanika kama karatasi ya daftari.

Toa viti kwanza, nunua baadaye

Kwa sababu hiyo ninashauri viti vitolewe kabla ya kununua chochote, hata kama gari litakaa siku tatu bila kutembea. Kazi yenyewe si ngumu. Fungua waya wa hasi wa betri kwanza, kwa kuwa utakuwa unapitisha spana za chuma karibu na nguzo zake. Nyanyua mito, sukuma kiti mbele ili uzifikie bolti za nyuma, kisha kirudishe nyuma uzifikie za mbele. Ikiwa reli imeganda, usiigonge kwa nyundo. Imwagie mafuta ya kulegezea kutu jioni, urudie asubuhi, kisha ujaribu kuisogeza polepole huku na huku.

Tarajia upinzani kwenye bolti. Chuma na alumini vikikaa pamoja penye unyevu hulana, na alumini ndiyo inayoliwa, ikageuka unga mweupe unaovimba na kuikaba bolti. Bolti ikizunguka bila kutoka, maana yake ni kwamba nati iliyo ndani imeng'oka mahali pake, na itabidi mtu mmoja aishike kwa spana kupitia kwenye kifuniko cha boksi wakati mwingine anafungua juu. Piga picha kila hatua, na bolti za kila kiti ziweke kwenye kopo lake.

Viti vikishatoka, safisha boksi kwa brashi na maji, likauke, kisha likague kwa tochi. Tafuta nyufa zinazoanzia kwenye matobo, kona zilizopukutika kwa ule unga mweupe, na sakafu ya chumba cha betri iliyoliwa na tindikali. Katika gari langu la kwanza nilikuta kwamba upande wa abiria ulikuwa umebaki bati laini kama ganda la yai, na fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya leza nzuri ikaenda kwenye kutengeneza boksi. Sikujuta hata kidogo. Ningekuwa nimeshanunua viti kabla ya kuona hali hiyo, vingefungwa juu ya uozo.

Kushona upya viti vilivyopo

Hii ndiyo njia ninayoiweka mbele kwa watu wengi, na sababu yake imeshaonekana: kiti kinarudi palepale, kwa bolti zilezile, mkanda haukuguswa, mto unaendelea kunyanyuliwa kwa mkono, na urefu wa kukaa unabaki ule ambao usukani, pedali na kioo vilipangwa kuufuata. Mafundi wa kushona siti wako katika kila mji, na bei yake kwa kawaida huwa chini ya njia nyingine zote, isipokuwa mtumba wa bahati.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye sponji. Mafundi wengi huchukua sponji ya godoro, wakaikata kwa kisu, wakaipachika kwa gundi na kuivisha leza iliyovutwa ikang'aa. Siku ya kwanza kiti kinapendeza na ni laini mno, na huo ulaini ndio dalili mbaya. Baada ya miezi sita kinakuwa bonde. Sponji ya kiti cha gari hutengenezwa nzito zaidi, na mimi sikubali iliyo chini ya kilo 40 kwa mita ya ujazo kwenye sehemu ya kukalia. Kipimo chake unaweza kukifanya dukani kwa mizani ya kawaida: kipande cha sentimita 50 kwa 50 chenye unene wa sentimita 10 kiwe na uzito usiopungua kilo 1. Kikiwa na nusu kilo, hicho ni cha kulalia. Sehemu ya mgongo inaweza kuwa nyepesi zaidi bila madhara.

Mwombe fundi asitupe vifuniko vya zamani. Avifumue, avinyooshe, kila kipande akiandike kwa chaki, atumie hivyo kama ramani, na amalize kiti kimoja kabla ya kukifumua cha pili, ili kila mshono wenye utata uwe na mfano wake mbele ya macho. Kabla ya kuvisha, fremu isuguliwe kutu na kupakwa rangi, springi au mikanda ya mpira iliyolegea ibadilishwe, na nyufa za fremu zichomelewe huku fremu ikiwa wazi, nje ya gari. Hili la mwisho husahaulika sana. Fremu iliyopasuka kwenye pembe ya mgongo hulia kila ukipita kwenye tuta, na ikishavishwa leza mpya hakuna anayetaka kuifungua tena.

Kuhusu kitambaa, leza nzito hufutika vumbi na tope kwa kitambaa chenye maji, lakini gari likiegeshwa juani inakuunguza mapaja na inakutoa jasho. Kitambaa cha kawaida kina hewa, ila hushika vumbi na kulitema kila ukikaa. Turubai hudumu kuliko vyote na hukwaruza kuliko vyote. Baada ya majaribio nimetulia kwenye leza pembeni, mahali ambapo mtu husugua anapopanda na kushuka, pamoja na kitambaa kigumu cha magari katikati. Ngozi halisi sioni faida yake katika gari ambalo madirisha yake huachwa wazi na sakafu yake huoshwa kwa ndoo. Popote uchaguapo, uliza kama malighafi imetengenezwa kwa matumizi ya magari: kanuni namba 302 ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1972, inataka vitu vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika, na viwanda vingi vya vitambaa vya magari hufuata kipimo hicho. Kitambaa cha makochi hakina ahadi ya namna hiyo.

Kushona upya hakuponyi kila kitu. Ikiwa reli zimeliwa meno hadi kiti kinaruka kikifungwa, ziwekwe reli nyingine. Kiti kisifungiwe waya wala kisichomelewe mahali pamoja. Pia Series nyingi za zamani zina migongo mifupi isiyo na kiegemeo cha kichwa, na hapo leza nzuri kiasi gani haiwezi kukulinda shingo gari likigongwa kwa nyuma. Mwenye Series wa aina hiyo nitamshauri aangalie njia mojawapo kati ya mbili za mwisho.

Viti vya mtumba vya gari dogo

Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utavikuta vimepangwa: viti vya magari ya Kijapani yaliyokatwa nusu, kitambaa safi, vinalala, vinapanda na kushuka, vina viegemeo vya vichwa, na bei yake huvutia. Ukikaa juu ya kimoja hapo dukani mwili wote unakubali. Nauelewa mvuto huo kwa kuwa nilivinunua.

Tatizo linaanza ukishafika gereji. Miguu ya kiti kile imekunjwa ifuate sakafu ya gari lake, mbele juu na nyuma chini, wakati boksi la Land Rover ni tambarare. Fundi atakata miguu na kuunda fremu ya chuma ya kati. Kiti kikikaa juu ya fremu hiyo, mto wake mnene unakuinua, na kioo cha mbele cha 110 ni kifupi. Mtu mrefu anajikuta akitazama ukingo wa juu wa kioo, magoti yako chini ya usukani, na kichwa kiko jirani na paa. Viti vingi pia ni vipana, vinasugua mlango upande mmoja na upande wa pili vinabana mpini wa handbreki. Na betri? Sasa ili uifikie unahitaji spana na bolti nne.

Kwangu mimi fundi alitoboa boksi na kufunga fremu kwa bolti zenye washa ndogo, bila bamba lolote upande wa chini. Miezi michache ya barabara mbovu ilitosha. Kiti kilianza kuyumba, nikadhani ni reli, na nilipokinyanyua nikakuta nyufa zimechora nyota kuzunguka kila tobo. Wakati huohuo kifungio cha mkanda kilikuwa kile kilichokuja na kiti, kimeshikwa na fremu ileile iliyokuwa inachana boksi. Niliendesha familia yangu kwa muda wote huo nikiamini kwamba tumefunga mikanda.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii. Viti vya magari ya kisasa zaidi vina mfuko wa hewa ubavuni mwa mgongo, wenye lebo iliyoandikwa SRS AIRBAG, na soketi ya manjano chini yake. Land Rover yako haina mfumo huo, lakini baruti iliyo ndani ya kiti bado ni nzima. Kuikata au kuichomelea fremu ya kiti cha namna hiyo ni kuweka moto karibu na kitu kilichoundwa kilipuke. Ukiona lebo hiyo, kiache kiti hicho dukani.

Je, njia hii haifai kabisa? Inafaa kwa masharti ambayo sikubali kuyapunguza. Kifungio cha mkanda kibaki kwenye mwili wa gari mahali pake pa asili, na kile cha kwenye kiti kiondolewe ili mtu asijichanganye. Fremu ya kati ichomelewe mezani, kamwe si ndani ya gari lenye betri na mafuta chini ya kiti. Chini ya boksi yawekwe mabamba ya chuma yanayosambaza nguvu. Kipimo kizuri cha kuiga ni kile ambacho Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, hukitaka katika viti vya magari ya mashindano: pointi nne au zaidi kwa kila kiti, bolti zenye kipenyo kisichopungua milimita 8, na kila pointi iwe na eneo la mguso la sentimita 40 za mraba kwenye chuma chenye unene wa milimita 3, yaani kama bamba la sentimita 5 kwa 8. Ongeza gharama za fremu, mabamba, bolti za daraja la 8.8 (za chuma kigumu) na siku mbili za fundi, kisha ulinganishe tena na ile bei nafuu ya dukani. Mara nyingi tofauti iliyokuvutia imekwisha.

Viti vya Defender nyingine, na vya Discovery

Viti vya Defender zilizotengenezwa kabla ya 2007 ndivyo mtumba bora kwa 110, kwa sababu vinakaa juu ya boksi la aina ileile na havihitaji kukatwa. Kiti cha Defender ya baada ya 1998 kilichotunzwa, chenye kiegemeo cha kichwa na reli zinazosogea, kinaweza kuipa 110 ya 1985 maisha mapya kwa asubuhi moja ya kazi. Shida ni upatikanaji. Magari haya hayakatwi nusu na kuletwa kwa makontena kama yalivyo magari ya Kijapani; viti vyake hupatikana gari likianguka au mwenyewe akiboresha, na muuzaji anajua thamani yake. Ukivipata, kagua fremu kama gari lilipata ajali: weka kiti juu ya sakafu tambarare, tazama kama miguu yote inagusa, na sogeza reli zote mbili uone kama zinakwenda pamoja. Kiti kilichopitia ajali kubwa usikichukue hata kwa bure.

Viti vya 2007 na kuendelea vina umbo jingine, navyo vipimwe kwanza kabla fedha haijatoka mfukoni. Vya Discovery ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1998, vinapendwa na wanaosafiri mbali kwa kuwa mgongo wake ni mrefu na unashika kiuno vizuri. Lakini hivi vinahitaji vipande vya kuunganishia, na kila nilichosema kuhusu urefu, upana, kifungio cha mkanda na mabamba kinahusika hapa pia. Ninaviona ni bora kuliko vya gari dogo. Havifikii vya Defender.

Viti vipya vilivyoundwa kwa ajili ya gari hili

Uingereza bado kuna watengenezaji wa viti vya Defender na Series, wakati mwingine katika umbo la asili na wakati mwingine vyenye mgongo mrefu na viegemeo vya kisasa. Kwa mwenye maumivu ya mgongo, au anayetumia gari kupeleka wageni mbugani kila siku, hii ni njia ninayoiunga mkono bila kusita. Sponji imefinyangwa kwa umbo, reli ni mpya, na mto unanyanyuka.

Bei ndiyo kikwazo, na siyo bei ya kiti peke yake. Viti ni vyepesi lakini vinachukua nafasi, na usafirishaji wa ndege huhesabu ujazo, kwa hiyo nauli inaweza kukushtua. Kisha inafuata kodi ya forodha. Ni afadhali kuvitia ndani ya kontena la mtu mwingine na kungoja wiki kadhaa.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Watengenezaji haohao huuza sponji zilizofinyangwa na vifuniko vilivyoshonwa tayari, bila fremu. Unabaki na fremu na reli zako, fundi wako anavisha tu. Hivi ndivyo tulivyofanya kwenye gari la ndugu yangu, na kiti kilichopatikana kilikuwa na starehe ya kiti kipya kwa gharama iliyokuwa karibu zaidi na ya kushona upya kuliko ya kununua vizima. Kwa mwenye fremu nzuri na fundi mvumilivu, hiki ndicho chaguo ningelirudia kesho.

Viti vya nyuma

Mabenchi ya nyuma yanayotazamana ni rahisi kuyashona upya, na hapo sponji na leza ndiyo karibu hesabu yote. Swali lake ni la usalama: mtu anayeketi ubavu hashikwi vizuri na mkanda wa kiunoni gari likigonga kwa mbele. Land Rover yenyewe iliyaacha mabenchi hayo katika Defender ya 2007 na kuweka viti vinavyotazama mbele. Kama nyuma wanakaa watoto kila siku, fedha ya kupamba mabenchi ni bora ipelekwe kwenye kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake na vishikizo vilivyofungwa kwenye fremu ya gari. Kumbuka pia kwamba idadi ya viti imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukiibadilisha, sahihisha kadi na uiarifu bima, kwa kuwa tofauti hiyo huonekana siku mbaya kuliko zote.

Nani achukue kipi

Kama fremu na reli zako ni nzima, na matumizi yako ni ya mji na shamba, shona upya kwa sponji nzito na usitafute kingine. Ukiwa na fremu nzima lakini unakaa saa nyingi barabarani, agiza sponji zilizofinyangwa na vifuniko vyake. Ikiwa fremu zimeoza, tafuta viti vya Defender ya kabla ya 2007 kwa uvumilivu wa miezi, na ukivikosa nunua vipya. Mwenye Series isiyo na viegemeo vya kichwa asishone upya kabla ya kupata mgongo wenye kiegemeo kinachofika walau juu ya masikio yake. Viti vya gari dogo ninaviweka mwisho kabisa, kwa yule aliye na fundi anayekubali kuweka mabamba na kuacha mkanda mahali pake; fundi akisema mabamba hayana haja, ondoa gari lako gerejini kwake.

Wakati wa kurudisha, paka grisi kwenye bolti na uweke kitambaa cha mpira au plastiki ngumu kati ya chuma na alumini, ili ule unga mweupe usianze upya. Funika nguzo za betri kwa kifuniko cha mpira, kwa kuwa springi ya mto ulioshonwa upya inaweza kushuka zaidi ya ilivyokuwa, na springi ikigusa nguzo ya chanya huku fremu imeshika bodi, waya huwaka chini ya aliyeketi. Keti, funga mkanda, sogeza kiti hadi mwisho mbele na nyuma, kanyaga klachi hadi chini, na geuza usukani pande zote. Baada ya wiki ya kwanza ya barabara mbovu, nyanyua mto na ukaze bolti zote tena, kwa sababu mabamba na mpira huwa vimejikandamiza na bolti iliyokuwa imekaza siku ya kwanza utaikuta imelegea robo mzunguko.